Kofia ya Babu na Pembe za Kioo

Ndugu msomaji, nitaanza na kisa cha nyumbani kwetu, kisha tutasafiri mbali kidogo, halafu tutarudi papo hapo sebuleni kwa bibi. Usichoke njiani.

Bibi yangu, mzaa mama, ana mkanda wa video wa harusi ya mama mkubwa. Harusi ilifanyika Tandika mwaka 1997. Mkanda ulikaa miaka na miaka ndani ya sanduku la bati, umefungwa kwa kipande cha kanga, kwa sababu deki ilikufa zamani na ile TV ya chogo ikauzwa kwa wakusanya vyuma chakavu. Mwaka jana wajukuu tulichanga pesa, tukampelekea fundi mmoja mkanda ule, akauhamishia kwenye flashi. Jioni moja ukoo mzima ukajazana sebuleni. Flashi ikachomekwa kwenye TV bapa ya mjomba, nchi 43. Harusi ikaanza.

Watu wakacheka mitindo ya nywele, wakalia kidogo kwa ajili ya waliokwisha tangulia. Ikafika sehemu maharusi wamesimama uani, wamezungukwa na wageni. Bibi akainama mbele, akakunja macho. Akauliza, "Mbona mzee hayupo?"

"Mzee gani, mama?"

"Mume wangu! Si alikaa hapa chini, miguuni pa maharusi, kwenye mkeka? Na kofia yake ya viua."

Tukatazama. Palikuwa na maharusi kuanzia magotini kwenda juu, na vichwa vya wageni wa nyuma vimekatwa kwenye paji la uso. Mkeka haukuonekana. Mama mkubwa, mwenye harusi yake mwenyewe, akasema kwa sauti ya upole, ile ya kumwambia mtoto, "Mama, labda hiyo ilikuwa harusi nyingine. Siku hizi unachanganya."

Bibi akanyamaza. Na mimi nikaona watu wazima wanaangaliana.

Maana kulikuwa na jambo nyuma ya pazia. Bibi ana vyumba vinne vya kupangisha na kodi anakusanya mwenyewe. Kulikuwa na mazungumzo ya chini kwa chini kwamba sasa amezeeka, anasahau, heri daftari la kodi na funguo akabidhiwe mtu mwingine. Ile harusi ikageuzwa ushahidi. "Mnaona? Hata mume wake hakumbuki alikuwa wapi."

Babu alifariki mwaka 2000. Hakupenda kupigwa picha. Mimi sura yake sijawahi kuiona. Kwa hiyo usiku ule niliumia mara mbili: niliumia kwa ajili ya bibi, na niliumia kwa ajili yangu. Nikajiuliza swali ambalo mtu akilisikia atacheka: hivi nani aliamua TV iwe na umbo hili, na je, inaweza ikakata mtu?

Nikaanza kusoma. Nilichokipata ndicho hiki.

WAZEE WA NNE KWA TATU

Picha inayotembea ilizaliwa ikiwa na umbo karibu sawa na meza ndogo ya kahawa. Huko West Orange, New Jersey, Marekani, katika maabara ya Thomas Edison, alikuwepo kijana aliyeitwa William Dickson. Kati ya mwaka 1889 na 1892, Dickson alichukua filamu iliyotengenezwa na kampuni ya George Eastman, ikakatwa nyembamba kufikia upana wa milimita 35, akaitoboa matundu pembeni ili meno ya mashine yaivute. Kila picha akaipa nafasi ya matundu manne. Hesabu yake ikatoa picha ya upana nne kwa kimo tatu. Mwaka 1909 makampuni makubwa ya filamu ya Marekani yalikubaliana kuifanya ndiyo kawaida. Fikiri, bwana: kijana mmoja anakata utepe, na watoto wa dunia nzima wanaangalia kwa umbo lile kwa karne moja!

Sauti ilipoingia kwenye filamu mwishoni mwa miaka ya 1920, ilihitaji mahali pa kukaa, ikapewa ukingo wa filamu. Picha ikabanwa ikawa karibu mraba. Watu hawakuipenda. Mwaka 1932 chama cha watu wa filamu cha Hollywood, ambacho ndicho kinachotoa zile tuzo za Oscar, kikarudisha upana karibu na ule wa zamani.

Televisheni nayo haikuanza na umbo hilo moja kwa moja. Mskoti John Logie Baird, aliyeonyesha televisheni yake London mwezi Januari 1926, alitumia picha ya mistari 30 tu, tena iliyosimama wima: upana tatu, kimo saba. Ilikuwa nzuri kwa uso na mabega ya mtu mmoja. Leo kijana anayejirekodi kwa simu aliyoisimamisha wima anadhani ameleta jambo jipya mjini. Kumbe Baird alishapita hapo karibu miaka mia iliyopita.

BBC ilipoanza matangazo yake ya kawaida Novemba 1936 ilitumia upana tano kwa kimo nne. Wamarekani mwaka 1941 walipoandika kanuni zao za televisheni, wakaifuata sinema: nne kwa tatu. Mwaka 1950 BBC nayo ikahamia huko. Sababu ni nyepesi kueleweka. Sinema ilikuwa na ghala kubwa la picha zilizokwisha pigwa, na televisheni ilikuwa na njaa ya vipindi. Mwenye njaa hufuata umbo la chungu.

MPAKA USIOONEKANA

Sasa hapa ndipo siri ya kwanza ilipo, ndugu msomaji.

Ile TV ya chogo ilikuwa chupa kubwa ya kioo. Nyuma kabisa, ndani ya chogo, kuna bunduki inayorusha elektroni. Sumaku zinauvuta ule mshale wa elektroni kulia na kushoto, juu na chini, unapaka picha mstari mmoja baada ya mwingine. Kwa mfumo wa PAL, ambao ndio tulioutumia sisi, mistari ni 625, na kati ya hiyo 576 ndiyo inayobeba picha. PAL yenyewe ni kazi ya Mjerumani Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken, na Ujerumani Magharibi ilianza kurusha rangi kwa mfumo huo mwaka 1967.

Sumaku hizo hazikuwa na utulivu. Umeme ukipungua, picha inanywea. Joto likipanda, picha inasogea. TV ikizeeka, picha inateleza pembeni. Tena vioo vya zamani vilikuwa na pembe za mviringo. Endapo picha ingepimwa ikae sawasawa ndani ya kioo, basi mwenye TV angekuwa kila siku anaona ufito mweusi pembeni, leo kushoto, kesho chini, na angerudi dukani kugomba.

Watengenezaji wakafanya ujanja. Wakaipanua picha kidogo kupita kioo, kingo zake zikaangukia nje, mahali ambapo jicho halifiki. Ni kama mwanamke anayetandika shuka kubwa kuliko kitanda: hata likivutwa, godoro halionekani. Kwa hiyo tangu zamani kila nyumba ilikuwa inapoteza sehemu ya picha, nyumba hii zaidi, nyumba ile kidogo, na hakuna aliyejua.

Wapiga picha walijua. Kwenye kioo cha kamera zao kulichorwa fremu mbili, moja ndani ya nyingine. Ya nje ilichukua asilimia 90 ya upana na kimo: jambo lolote la maana litendeke humo. Ya ndani asilimia 80: maandishi yote yakae humo. Nje ya hapo palikuwa jalala. Ungeweza kuona huko ncha ya maikrofoni, au mguu wa taa.

Sasa mpiga video wa harusi ya Tandika, mwaka 1997, na kamera ya begani ya kukodi, unadhani alikuwa na habari na asilimia 90? Yeye alilenga maharusi. Aliyekaa pembeni alikaa pembeni kwa bahati yake.

SISI TULIINGIA LINI

Visiwani walitutangulia. Televisheni Zanzibar ilianza mwaka 1973, wakati wa uongozi wa Mzee Aboud Jumbe, na ilianza na rangi tangu mwanzo. Mara nyingi inatajwa kuwa ya kwanza ya rangi Afrika kusini mwa Sahara. Kenya walikuwa na televisheni tangu 1962 na Uganda tangu 1963, lakini kwa nyeusi na nyeupe. Bara sisi tulikaa na redio. Serikali ya Mwalimu Nyerere haikuipa televisheni kipaumbele, na ni mwaka 1994 tu ndipo vituo vya binafsi kama CTN, DTV na ITV vilipoanza kurusha Dar es Salaam.

Bibi anakumbuka miaka hiyo. Mtaa mzima TV moja, mwenye nyumba anaigeuza dirishani, watu wamekaa uani mpaka barabarani. Waliokaa mbele sana waliona vitone, waliokaa pembeni waliona nusu. Lakini kila mtu alijua kwamba kama huoni ni kwa sababu ya mahali ulipokaa. Hakuna aliyeshuku kioo.

VITA VYA SINEMA

Tuvuke tena bahari, kwa sababu kisa cha pili kinaanzia huko.

Mwaka 1950 Marekani, chini ya nyumba moja kati ya kumi ilikuwa na televisheni. Kufikia 1960 zilikuwa karibu tisa kati ya kumi. Watu wakabaki majumbani, sinema zikabaki na viti vitupu. Wenye sinema wakajiuliza: tuwape nini ambacho kisanduku hakiwezi kuwapa? Jibu likawa upana.

Septemba 1952, New York, ilifunguliwa Cinerama: mashine tatu zinamulika kwa pamoja kwenye pazia lililopinda kama mbalamwezi. Mwaka uliofuata kampuni ya 20th Century-Fox ikaleta CinemaScope na filamu ya The Robe. Ufundi wake ulitokana na lenzi ya Mfaransa Henri Chrétien, aliyoibuni tangu miaka ya 1920. Lenzi hiyo inaibana picha pana kwa pembeni mpaka iingie kwenye filamu ile ile ya milimita 35, watu wanakuwa wembamba kama fimbo. Mashine ya sinema ina lenzi nyingine inayoikunjua. Picha ikawa na upana zaidi ya mara mbili ya kimo chake. Wahindi nao hawakukaa nyuma: mwaka 1959 Guru Dutt alitoa Kaagaz Ke Phool, filamu ya kwanza ya Kihindi ya CinemaScope. Waliopata kuingia Avalon, Empire au Empress pale Dar, au Majestic kule Unguja, wanajua utamu wa pazia pana.

Lakini angalia kejeli ya mambo. Baada ya kuipanua picha ili kuikomoa televisheni, wenye filamu wakageuka kuiuzia televisheni filamu zile zile. Mwaka 1961 kituo cha NBC kilianza kuonyesha filamu Jumamosi usiku, na ya kwanza ilikuwa How to Marry a Millionaire, ya CinemaScope. Sasa utaingizaje kitanda cha futi sita ndani ya chumba cha futi nne?

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, ingiza picha nzima, uache weusi juu na chini. Kwa filamu ya upana wa 2.35, weusi ulikula asilimia 43 ya kioo cha nne kwa tatu. Watazamaji wakapiga kelele kwamba wanapunjwa TV yao. Njia ya pili, jaza kioo chote, halafu pembeni kata. Fundi mmoja anakaa kwenye mashine, anasogeza dirisha kulia na kushoto, anaamua mtazamaji aone nani. Asilimia 43 ile ile inapotea, ila sasa haionekani kama imepotea. Wawili wanazungumza, mmoja huku na mmoja kule, wewe unaona pua moja inaongea na pua nyingine, au unaona meza.

Njia ya pili ndiyo iliyoshinda kwa muda mrefu. Mikanda mingi ya VHS tuliyokodi mitaani ilikuwa imekatwa hivyo. Watu walichukia weusi waliouona, wakapokea ukataji wasiouona. Hebu litie akilini jambo hilo, tutalirudia.

KUMI NA SITA KWA TISA

Miaka ya 1980 wataalamu walikuwa wakitayarisha televisheni mpya yenye picha kali. Wajapani wa NHK walikuwa mbele. Likazuka swali la umbo. Mhandisi wa Kimarekani, Kerns Powers, alichukua maumbo yote yaliyokuwa yakitumika, ya TV ya zamani mpaka ya CinemaScope, akayachora kwa eneo sawa na kuyaweka moja juu ya jingine katikati. Akaona kwamba mstatili mmoja unaweza kuyazunguka yote kwa nje, na mstatili wa umbo hilo hilo unaenea ndani ya yote. Umbo hilo ni upana 16 kwa kimo 9.

Mwenye kupenda hesabu ajaribu: nne kwa tatu, ukiizidisha kwa yenyewe, unapata kumi na sita kwa tisa. Umbo jipya limesimama katikati ya TV ya zamani na sinema pana. Ni suluhu ya wazee barazani. Hakuna aliyepata alichotaka chote, na hakuna aliyetoka mikono mitupu.

Suluhu ile ilitufikia sisi kwa kishindo. Mkutano wa kimataifa uliofanyika Geneva mwaka 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa analojia kwa nchi nyingi, zetu zikiwemo. Tanzania haikungoja. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata. Walioamka mwaka mpya bila king'amuzi waliamkia chenga. Pamoja na ving'amuzi zikaja TV bapa, karibu zote za kumi na sita kwa tisa. Ila vipindi vingi, na mikanda yetu yote ya nyumbani, vilikuwa bado nne kwa tatu. Picha ya umbo moja, kioo cha umbo lingine. Hapo ndipo sura za watu zilipoanza kupanuka kama chapati.

NILIVYOMTAFUTA BABU

Baada ya kusoma hayo nilirudi kwa mjomba siku ya Jumamosi, nikaomba rimoti.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutafuta duara. Mbinu hii ni rahisi, na hata wewe itakufaa: tafuta kwenye picha kitu unachojua ni cha mviringo, kama mpira, saa ya ukutani, au sinia. Kikiwa yai lililolala, TV imeivuta picha kwa pembeni, theluthi moja zaidi ya upana wake. Kikiwa duara kamili lakini vichwa vimekatwa, TV imeikuza picha na kuitupa sehemu ya juu na ya chini. Kwenye mkanda wetu sinia la pilau lilikuwa duara safi. Vichwa vilikuwa vimekatwa. Nikajua.

Nikafungua menyu ya picha, nikaingia kwenye umbo. Ilikuwa imeandikwa Zoom. Nikamuuliza mjomba. Akasema, "Mimi niliiweka hiyo, mpwa wangu, kwa sababu ya mpira. Chaneli moja ilikuwa inaleta vyeusi pembeni, vinaniudhi." Unaona sasa? Ni kisa cha VHS kinajirudia. Kwa kuikuza picha ya nne kwa tatu ijaze kioo cha kumi na sita kwa tisa, TV inatupa robo ya kimo chake, nusu ya robo hiyo juu na nusu chini. Nusu ya chini ndiyo iliyokuwa na mkeka.

Nikaiweka 4:3. Vyeusi vikaja kulia na kushoto. Na pale miguuni pa maharusi ukatokea mkeka, na juu ya mkeka kofia ya viua, na chini ya kofia uso.

Sikusema kitu. Nilisimamisha picha, nikakaa nayo peke yangu kwanza. Ana masikio yangu.

Lakini nilikuwa nimesoma habari za ule mpaka usioonekana, na nikajua bado kazi haijaisha. TV bapa haina sumaku wala chogo. Kila nukta ya picha ina mahali pake, kwa mfano 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Haina sababu ya kukata ukingo. Lakini nyingi zinakata, kwa mazoea ya wazee wao, na kwa kuwa ukingoni mwa picha za zamani kulikuwa na takataka na alama za mitambo. Mathalani, katika PAL mstari wa 23, juu kabisa, ulikuja kutumika kubeba alama inayoiambia TV umbo la picha. TV ikikata asilimia mbili na nusu tu kila upande, zinapotea nukta 48 kushoto, 48 kulia, 27 juu na 27 chini. Inaonekana kidogo, lakini ukijumlisha ni karibu moja ya kumi ya picha yote. Ndiyo maana kwenye baadhi ya vibanda umiza utakuta matokeo ya mpira kwenye pembe yanasomeka nusu, na watu wanabishana ni dakika ya ngapi.

Kila kampuni imelipa jina lake jambo la kuacha kukata. Wengine wanaandika Just Scan, wengine Screen Fit, wengine Full Pixel, wengine Dot by Dot, na kwingine unaambiwa uzime Overscan. Wakati mwingine limefichwa menyu ndani ya menyu, na linafanya kazi kwa baadhi ya matundu tu. Tena kumbuka king'amuzi nacho kina menyu yake ya umbo. Kikikata chenyewe, TV haiwezi kurudisha kilichokwisha katwa. Anza na king'amuzi, kiambie TV yako ni 16:9, kisha ndiyo uje kwenye TV. Na kama fundi aliyehamisha mkanda aliukata wakati wa kuhamisha, basi hapo umekwisha. Rudi kwenye mkanda wenyewe. Kwa hiyo, tafadhali, usiutupe mkanda.

Nikakitafuta kipengele kile, nikazima ukataji. Picha ikajivuta ndani kidogo. Chini kabisa ikatokea mistari michache inayotetemeka, ambayo VHS huwa nayo pale vichwa vya deki vinapobadilishana zamu, na TV za chogo zilikuwa zinaificha. Kulia hakukuwa na jipya. Kushoto, pale ukingoni, kwenye mlango wa uani, alikuwa amesimama mwanamke mwenye kanga kichwani, nusu ndani nusu nje, na sahani mkononi. Anamtazama yule mzee wa kwenye mkeka.

Alikuwa bibi.

Tangu 1997 hakuna aliyewahi kumwona kwenye mkanda ule, wala yeye mwenyewe. TV ya chogo ilikuwa inamkata.

MWISHO

Jioni nilimwita. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, njoo uone." Akaja, akakaa, akatazama kwa muda mrefu. Nilidhani atalia. Akasema, "Nilikuwa nampelekea mzee wangu chakula. Alikuwa anakataa kula mpaka wageni wale." Kisha akanigeukia, akaniita kwa utani wake wa siku zote, "Mume wangu, nenda kamwite mama yako mkubwa."

Mama mkubwa alikuja akaona. Hakuomba radhi kwa maneno, maana kwetu watu wazima ni wagumu. Ila alikaa chini, kwenye mkeka, karibu na miguu ya bibi, na hakusema tena habari za kuchanganya. Daftari la kodi lipo kwa bibi mpaka leo. Sisemi kwamba bibi hasahau. Anasahau, ana miaka zaidi ya themanini. Lakini lile hakulisahau, na lile ndilo lililotaka kumponza.

Mimi nimemaliza kidato cha nne, ninaandika riwaya ambayo bado haijapata wa kuichapa, na somo hili nimelichukua kama la fani yangu. Tangu Dickson na utepe wake mpaka mjomba na rimoti yake, kuna mtu ameamua picha iishie wapi, na mara nyingi ameamua kwa sababu ndogo: meno ya mashine, bei ya kioo, vyeusi vinavyoudhi. Nimeanza kurudia sura za riwaya yangu moja moja, nikiuliza nani nimemwacha mlangoni na sahani mkononi kwa kuwa tu nilikuwa nawalenga maharusi.

Na wewe msomaji, leo jioni kabla ya taarifa ya habari, chukua rimoti. Tafuta duara, kisha angalia pembe zote nne. Na kama kuna mzee hapo nyumbani anayesema alimwona mtu mahali ambapo ninyi hamwoni, kagueni kioo kwanza.